Vanila Imeoza Mizizi: Namna ya Kuiokoa Kibanjani

Majani ya vanila yamelegea, rando limeanza kukunjamana, na ukitazama chini huoni kosa. Mvua imenyesha, matandazo yapo, samadi uliweka. Wakulima wengi wanaoanza zao hili Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wakifika hapo huongeza maji, au huongeza samadi, na baada ya wiki chache rando zima limekuwa la manjano.

Jambo moja ulishike kabla hujagusa kitu: mzizi wa vanila uliooza hauponi. Kinachookolewa ni rando lililo juu yake, na linaokolewa kwa kupewa mizizi mipya mahali pengine. Ukipoteza mwezi mzima unauguza mizizi iliyokufa, uozo unapanda shinani na unakosa hata kipande cha kuhamisha.

Vanila si mbuni

Vanila ni okidi. Kwao ni misitu ya joto ya Mexico na Amerika ya Kati, ambako huanzia chini kwenye majani yaliyooza, kisha hupanda mti ikitafuta mwanga. Asili hiyo ndiyo inayoeleza tabia ya mizizi yake, na usipoielewa hatua zote zitakazofuata utazifanya nusunusu.

Ina mizizi ya aina mbili. Kwenye kila kifundo, pale jani linapotokea, hutoka mzizi wa hewani unaoshika mti. Ngozi yake ni nyeupe na hunyonya umande na maji ya mvua kama sifongo. Ya pili ni mizizi ya chini, inayolisha mmea. Hii haizami. Hutambaa kwenye tabaka la majani yanayooza na sentimita chache tu za udongo wa juu, na inataka vitu viwili kwa wakati mmoja: unyevu na hewa. Ikikosa unyevu inanyauka. Ikikosa hewa inakufa, na mzizi uliokufa ni mlango wa ugonjwa.

Sasa fikiria jinsi sisi wa Kagera tulivyofundishwa kutunza kibanja. Mbuni tunauchimbia shimo refu, tunajaza samadi, tunapalilia kwa jembe hadi kwenye shina. Mgomba tunaulundikia mashina mabichi yaliyokatwakatwa na kila taka ya jikoni. Mazao hayo yanavumilia. Vanila ikipandwa shimoni, maji ya masika yanajaa humo na mizizi inakosa hewa. Jembe likipita mara moja tu karibu na shina, limekata nusu ya mizizi inayoilisha. Samadi mbichi inachemka na kuichoma.

Kinachoozesha

Ugonjwa mkubwa wa mizizi ya vanila duniani unasababishwa na fangasi wa udongoni aitwaye fusari. Jina hilo si geni kwenu. Mnyauko fusari wa kahawa ulithibitishwa Kagera mwaka 1997 na ukaua mibuni mingi ya robusta, na ndizi kama kisubi nazo zina mnyauko wao wa fusari. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini kila mmoja ana mmea wake: fusari wa kahawa hashambulii vanila, na wa vanila haendi kwenye mgomba. Kwa hiyo huna haja ya kung'oa mibuni kwa sababu vanila imeugua, wala kuogopa kupanda vanila pale mbuni ulipokufa.

Unachopaswa kukiogopa ni udongo ambamo vanila imewahi kuoza. Mbegu za fangasi huyu hulala ardhini miaka mingi bila vanila yoyote kuwapo, zikisubiri mzizi wa kwanza upite. Husafiri na maji yanayoteremka, na udongo ulioganda kwenye jembe au viatu, na zaidi ya yote ndani ya marando unayopewa na jirani kwa nia njema.

Fangasi peke yake mara nyingi hashindi mmea wenye nguvu. Hushinda uliochoka, na uchovu wa vanila kwa kiasi kikubwa tunausababisha wenyewe, kwa kuchavusha kupita kiasi. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Tangu hapo karibu kila ganda la vanila linalovunwa nje ya nchi za asili yake linatokana na mkono wa mtu. Msituni ni maua machache tu yanayopata kuchavushwa. Shambani mkulima anaweza kuchavusha yote, na bei ikipanda ndivyo anavyofanya. Rando likibeba maganda kupita kiasi kwa miezi tisa, halina chakula cha kujengea mizizi, na mvua zinazofuata zinalikuta dhaifu.

Ongeza hapo hali ya hewa ya kwenu. Sehemu kubwa ya Karagwe ni migongo ya milima kati ya mita 1,200 na 1,800, na vanila hupenda joto. Juu ya mita 1,500 hukua polepole na udongo chini ya kivuli kizito hukaa baridi na majimaji kwa wiki nyingi. Mabonde ya Kyerwa yanayoelekea Mto Kagera yana joto zaidi, ila huko maji yanatuama. Mwenye shamba mlimani apunguze kivuli. Mwenye shamba bondeni ashughulikie maji.

Pima kabla ya kukata

Usihukumu kwa majani peke yake. Jani huweza kulegea kwa kiu, kwa jua kali au kwa mizizi iliyooza, na tiba zake zinapingana. Fanya hivi asubuhi, siku ambayo mvua haijanyesha:

1. Nawa mikono. Ondoa matandazo kwa vidole, si kwa jembe wala panga, kuanzia nusu hatua kutoka kwenye shina ukielekea ndani.
2. Shika kiganja cha matandazo ya chini kabisa na ukamue. Matone yakitoka, pana maji mengi mno. Nusa pia: majani yanayooza vizuri hunukia udongo wa msituni, yaliyokosa hewa hunuka uvundo.
3. Tafuta mzizi na uufuate. Mzima ni mgumu, rangi ya maziwa au kahawia hafifu, na ncha yake ina ukijani au weupe unaong'aa.
4. Shika mzizi wenye mashaka kwa vidole viwili na uvute taratibu. Ulio hai unakataa. Uliooza, ngozi yake ya nje inateleza na kubaki mkononi mwako kama mrija mtupu, na ndani unaona uzi mwembamba wa kahawia ukining'inia. Ukishaona hilo mara moja hutalisahau.
5. Tazama mizizi ya hewani iliyokuwa ikishuka chini. Kama mingi imekuwa myeusi au mikavu pale tu inapogusa udongo, huku sehemu ya juu bado ni nyeupe, ugonjwa uko ardhini na mmea unajaribu kujiokoa bila kufanikiwa.
6. Bonyeza shina kuanzia chini kwenda juu. Weka alama kwa kamba mahali linapoacha kuwa laini na kuanza kuwa gumu.
7. Rudisha matandazo makavu juu ya mizizi uliyoifunua. Mizizi isiachwe juani hata saa moja.

| Dalili zinazochanganywa na uozo wa mizizi |
|---|
| Kiu: majani yamekunjamana lakini mizizi ni migumu na matandazo makavu hadi chini. Mwagilia matandazo, si shina. |
| Jua kali: umanjano na mabaka ya kahawia upande mmoja tu, ule unaopigwa na jua la mchana. Ongeza kivuli. |
| Uozo mweusi wa majimaji: unaanza kwenye ncha, jani au ganda na kukimbia kwa siku chache wakati wa mvua nzito. Kata sehemu hiyo mara moja, punguza majani ya mti ili upepo upite. |
| Nyuzi nyeupe zenye vipunje kama mbegu za haradali chini ya shina: ni fangasi mwingine. Ondoa matandazo yote ya hapo na uyatoe shambani. |
| Majani yenye mabaka ya kijani cha aina mbili, yaliyojipinda: huenda ni virusi. Usichukue rando la kupanda hapo kamwe, hata kama mizizi ni mizima. |

Amua uko wapi

Shina gumu hadi chini na mizizi mibovu ni michache: mmea huu utatulia ukirekebisha mahali ulipo. Sogeza matandazo yaliyolowa, chimba mtaro mdogo upande wa juu ili maji yapite pembeni, weka matandazo makavu yaliyooza nusu, na ushushe rando moja likaote mizizi mahali pengine kama akiba.

Shina limeoza chini lakini juu ni kijani na gumu: hapa ndipo kazi ilipo, na sehemu inayofuata ni yako.

Laini hadi juu, majani yote manjano: ng'oa. Weka kwenye kiroba usiburute ardhini, toa nje ya kibanja, anika likauke kisha choma. Usilitupe kwenye shimo la mboji wala usilifanye matandazo ya migomba, maana maji yatarudisha ugonjwa shambani.

Kuliokoa rando

Andaa mahali papya kwanza, kisha ukate. Wengi hukata kwa haraka halafu rando linakaa juani siku tatu likisubiri tuta.

1. Chagua mahali. Pawe upande wa juu wa mteremko kutoka ulipokuwa mmea mgonjwa, kamwe si chini yake. Pasiwe njia ya maji yanayoshuka kutoka kwenye bati la nyumba. Vibanja vingi vinaanzia ukutani, na mstari ule ambao maji ya paa hupita ndipo vanila hufa kwanza. Pawe na mti hai wa kuegemea uliokwisha shika, kwa mfano mbono au glirisidia, wenye kivuli cha nusu: ukisimama chini yake mchana, ardhi iwe na madoadoa ya jua na kivuli kwa kiasi kinachokaribiana.

2. Inua tuta. Usichimbe shimo. Lainisha udongo wa juu kidogo, kisha jenga tuta la sentimita 20 hadi 30 kwenda juu na upana wa kama mita moja kuzunguka mti. Tumia nyasi kavu zilizoanza kuoza, majani ya miti, mboji iliyopoa kabisa na udongo wa juu kidogo. Makapi ya kahawa yanafaa kama yamelala nje miezi kadhaa. Mabichi yanapata joto. Zamisha mkono ndani ya tuta: ukihisi uvuguvugu, subiri.

3. Safisha kisu. Pitisha kwenye moto hadi kiwe moto kweli, au kitumbukize kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu tano. Ni usafi uleule mnaoujua tangu unyanjano ulipoingia kwenye migomba. Tofauti ni kwamba hapa unasafisha kisu kila baada ya mkato, hata kwenye rando moja.

4. Kata ukitafuta palipo safi. Anzia kwenye alama yako ya kamba. Kata na utazame uso wa mkato. Ukiona mduara au nukta za kahawia, ugonjwa bado upo ndani. Sogea juu kifundo kimoja, safisha kisu, kata tena. Ukipata uso wa kijani hafifu usio na doa, usiridhike hapo. Ongeza vifundo viwili juu ndipo ukate mara ya mwisho. Vifundo viwili vyenye sura nzuri utavipoteza kwa uchungu, lakini ugonjwa hutangulia mbele ya rangi unayoiona.

5. Toa maganda na maua yote. Hapa wengi hushindwa. Ganda la miezi minne au mitano halina thamani likichumwa na halitakomaa kwenye mmea usio na mizizi. Linachofanya ni kunyonya maji ya mwisho. Ubaguzi mmoja nauona wa haki: kama maganda yamebakiza wiki chache tu kukomaa na shina la juu bado ni gumu, kata uozo wa chini, acha rando limeshikwa na mizizi yake ya hewani, lilowanishe kwa ukungu wa maji jioni, vuna, kisha hamisha. Nje ya hapo, toa.

6. Teremsha rando. Bandua mizizi ya hewani taratibu kwa kidole; iliyong'ang'ania sana ikate. Kipande cha mita moja hadi moja na nusu ndicho kinachoanza vizuri. Kifupi chenye vifundo sita au nane nacho huota, ila hukaa muda mrefu kabla ya kutoa maua.

7. Kausha kidonda. Ning'iniza rando mahali penye kivuli na hewa, kwa mfano barazani au chini ya paa la jiko lisilo na moshi mwingi. Rando lenye afya lisubiri siku 7 hadi 10. Lililokwisha nyauka lisikae hivyo. Siku 3 au 4 zinatosha, mradi kidonda kiwe kikavu. Usipake tope wala kinyesi cha ng'ombe.

8. Laza, usizike. Ondoa majani ya vifundo vitatu au vinne vya chini kwa kuyavunja kwa mkono, na uyaache makovu yakauke siku moja. Laza sehemu hiyo juu ya tuta, ifunike kwa sentimita 3 hadi 5 za matandazo mepesi. Ncha ya mkato ibaki nje, juu ya matandazo. Ncha iliyozikwa ndiyo huoza kwanza, na uozo husonga kuelekea kwenye mizizi mipya.

9. Funga kwenye mti. Tumia kamba ya mgomba mkavu, mahali pawili au patatu, kidole chako kiweze kupita kati ya kamba na shina. Waya na nailoni vinakata.

10. Mwagilia kidogo baada ya siku mbili au tatu, ukilowanisha tuta tu.

Kama huna kabisa ardhi isiyowahi kuota vanila, jaza kiroba kwa mboji na nyasi zilizooza kutoka mahali pengine, kitoboe matundu mengi chini na pembeni, kiweke juu ya mawe ili kisiguse udongo, na ulaze vifundo ndani yake. Mmea utaishi humo, ila kumbuka kwamba kiroba hukauka haraka kuliko ardhi.

Kushusha rando, bima ya kila mwaka

Hili ndilo ningemfundisha mkulima mpya hata kabla mmea haujaugua. Rando likifika juu ya mti, kiasi cha urefu unaoufikia kwa mkono, lipitishe kwenye panda na uliache lishuke. Likigusa chini, funika vifundo viwili au vitatu kwa matandazo safi, hatua moja mbali na shina la zamani, kisha elekeza ncha yake ipande tena. Vile vifundo vitatoa mizizi. Sasa mmea una vituo viwili vya kula, na mizizi ya kwanza ikioza unaikata bila kupoteza mmea. Rando lililoinama pia hutoa maua vizuri kuliko linalopaa moja kwa moja. Mwanzoni mwa vuli ni wakati mzuri wa kazi hii: ardhi imeanza kulowa, na miezi ya mvua iko mbele ya kukuzia mizizi.

Miezi mitatu ya kwanza

Usivute rando kuangalia kama limeota. Mizizi mipya huonekana baada ya wiki nne hadi nane, nayo ni milaini kiasi kwamba mvuto mdogo huikata. Dalili ya kutafuta ni chipukizi jipya au ncha inayoanza kurefuka, na majani yaliyokuwa yamelegea kukaza.

Kuku wanahitaji kufikiriwa kwa uzito. Tuta jipya la majani lina minyoo na wadudu, na kuku mmoja mwenye vifaranga anaweza kulichakura lote asubuhi moja na kuning'iniza mizizi hewani. Zungushia matawi yenye miiba au vijiti vilivyosukwa hadi magotini. Mbuzi afungwe mbali.

Magugu yang'olewe kwa mkono, huku mkono mwingine ukishikilia matandazo. Jembe lisifike ndani ya mita moja kutoka kwenye shina, na kama unalimisha kwa vibarua, weka vijiti vya mpaka. Usitegemee maelezo ya mdomo.

Kwa Karagwe na Kyerwa, fuata mvua hivi:

- Machi hadi Mei: punguza matawi ya mti mwanzoni mwa mwezi Machi ili hewa ipite. Kagua mitaro baada ya kila mvua kubwa. Usirundike matandazo mabichi.
- Juni hadi Agosti: acha kivuli kiongezeke, ongeza matandazo makavu, mwagilia tuta mara moja au mbili kwa wiki kwa mimea iliyohamishwa.
- Septemba hadi Desemba: shusha marando, panda mapya, pima mizizi ya mimea yenye mashaka.
- Januari na Februari: kagua unyevu wa matandazo, tengeneza mboji ya kutumia baadaye.

Mmea ulioutoa kwenye uozo usiuchavushe maua yake ya kwanza. Yaondoe. Msimu unaofuata chavusha mashada machache, maua manane hadi kumi kwa shada, na uache mengine yaanguke, hata kama mnunuzi amepita na bei inayovutia. Baada ya kimbunga Hudah kuipiga Madagaska mwezi Aprili 2000, bei ya dunia ilipanda hadi 2003 na 2004, kisha ikaanguka vibaya. Bei inaweza kuja na kuondoka kabla rando jipya halijakua hadi livunwe.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Kumwagilia dawa ya fangasi kwenye mizizi iliyooza. Dawa za shaba husaidia kuzuia uozo wa juu ya majani na maganda. Hazimfikii fusari aliyeko ndani ya shina. Na kama kahawa yako imo kwenye kikundi chenye cheti cha kilimo hai, dawa yoyote utakayoipiga kibanjani inaweza kuwagharimu wenzako wote, kwa hiyo uliza kwanza.

Kumwaga urea ili majani yarudi kijani. Mmea usio na mizizi hauna cha kuinyonyea, na chumvi ile inaunguza michache iliyobaki.

Kupokea marando bila kuyakagua. Mtu akikupa au akikuuzia, omba kuuona mmea mama ulipo shambani, siyo mzigo uliofungwa sokoni Omurushaka au Nkwenda. Tazama shina la chini la mmea huo na jirani zake. Kama anayeuza hataki ufike shambani, usinunue.

Kupanda rando jipya kwenye shimo lilelile kwa sababu mti wa kuegemea upo tayari. Nafahamu uzito wa kusubiri mti mwingine ukue, lakini mti huo sasa umesimama juu ya udongo wenye ugonjwa. Uache utoe kivuli, na upande vijiti vya mbono mahali pengine leo.

Kulundika vipande vibichi vya shina la mgomba juu ya vanila. Vinabeba maji mengi, vinaziba hewa, na vinaita fukuzi kwa migomba yako. Vikaushe kwanza kati ya mistari.

| Orodha ya ukaguzi: ipitie kila mwisho wa mwezi |
|---|
| ☐ Matandazo ya chini yana unyevu lakini hayatoi matone nikikamua |
| ☐ Hakuna harufu ya uvundo |
| ☐ Mizizi ya hewani inayogusa ardhi ina ncha hai |
| ☐ Shina la chini ni gumu nikilibonyeza |
| ☐ Maji ya paa na ya mteremko yanapita pembeni |
| ☐ Kuku hawajafika kwenye tuta |
| ☐ Kila mmea una angalau rando moja lililoshushwa na kuota mizizi |
| ☐ Mmea uliougua umewekewa alama, na kisu chake hakijagusa mwingine |

Ukishindwa kutambua

Usikisie ukapoteza shamba zima. Mwone afisa kilimo wa kata yako, naye anaweza kuwasiliana na ofisi ya wilaya Kayanga au Rubwera, au na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku kule Bukoba. Usiende na jani bovu pekee, kwani halitamweleza mtaalamu mengi. Chukua kipande cha shina chenye sehemu nzima na sehemu iliyoanza kuoza kwa pamoja, na mizizi michache ya hali zote mbili. Vifunge kwenye karatasi kavu, siyo mfuko wa plastiki, ili visioze njiani. Andika pembeni tarehe uliyopanda, marando yalikotoka, ulichoweka shambani miezi mitatu iliyopita, na mimea mingapi imeonyesha dalili na iko upande gani wa mteremko. Mistari hiyo michache humwezesha mtaalamu kujua kama ugonjwa umeletwa na marando au na maji, na wewe utajua mimea ipi ya kuikagua kesho asubuhi.